Nimechaguliwa kusoma Hisabati chuo kikuu, niende au niache? Naombeni ushauri

Mtoto wa Fundi: Habari za jioni wakuu. Nimechaguliwa digrii ya Hisabati, hisabati tupu bila ualimu, miaka mitatu. Ada 1,300,000 kwa mwaka, mkopo sina. Nilisoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), Hisabati nikapata A. Nyumbani kila mtu ananiuliza, "Ukimaliza unakuwa nani?" Jibu sina. Hii digrii ina soko kweli? Usiku silali.

Kisiki cha Mwembe: Mkuu, nina digrii ya sosholojia tangu 2014, bahasha nimezungusha mpaka viatu vikaisha. Leo nauza swichi na nyaya za umeme, nilianza na laki tatu na nusu, na mke nimeoa. Hiyo ada fanya mtaji.

Mwalimu wa Zamu: Hajauliza mtaji. Kijana, hamia Hisabati yenye ualimu, miaka ni ileile mitatu. Ukisoma tupu, siku ukitaka kufundisha utarudi chuo mwaka mzima kutafuta stashahada ya uzamili ya ualimu. Kidato cha nne zaidi ya nusu wanafeli Hisabati kila mwaka nchi hii. Shuleni kwangu walimu wa somo hili tuko wawili, naingia darasani na chaki mbili mfukoni na sauti imekauka.

Dada Hesabu: Mimi nilisoma hiyo hiyo tupu, niko kampuni ya bima. Kilichoniingiza si cheti peke yake, ni programu za kompyuta nilizojifunza usiku. Ukitaka kuwa aktuari, yule anayepiga hesabu za hatari za bima, kuna mitihani ya Uingereza, inalipiwa kwa pauni. Ila A ya Hisabati na mkopo huna? HESLB, bodi ya mikopo, walisemaje?

Mtoto wa Fundi: Sikuomba, dada.

Dada Hesabu: Kwa nini?

Mtoto wa Fundi: Basi niseme. Niliingia uhandisi ujenzi 2018, nikadisko mwaka wa pili, yaani niliondolewa chuo kwa kufeli. Mkopo wa mwanzo bado nadaiwa. Lakini hesabu sikufeli hata moja, iliyoniangusha ni michoro. Uhandisi aliutaka baba, mimi nilitaka hesabu tangu kidato cha pili. Safari hii sitadisko.

Bi Mkubwa: Mwanangu, ukienda kwa daktari unamficha panapouma?

Mwalimu wa Zamu: Na deni halifi. Ukiajiriwa tu, 15% ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi.

Dada Hesabu: Sasa ada inatoka wapi?

Mtoto wa Fundi: Pikipiki nimeuza, 1,900,000. Na TCU, tume ya vyuo vikuu, nafasi nimeshathibitisha kwa ile namba ya siri. Bodaboda nimeendesha miaka minne, mgongo umekwisha. Msiniambie nirudi huko.

Dada Hesabu: Kumbe umeshaamua, unataka tukubariki. Haya, tupige hesabu. Toa ada, zinabaki 600,000. Chumba na chakula weka 7,000 kwa siku, hizo ni siku 85. Ukifungua chuo mwanzoni mwa Novemba, Januari haiishi mfukoni hamna kitu. Na hapo ni mwaka wa kwanza tu.

Jicho la Tai: Wakuu, hii chai. A ya hesabu, disko, deni, pikipiki, kila tukiuliza kinaibuka kipya. Kama wewe ni mtu wa hesabu, thibitisha kwamba ukijumlisha namba witiri mfululizo kuanzia 1, jibu ni mraba siku zote. Usinakili kitabu.

Mtoto wa Fundi: Chukua vizibo vya soda. Weka kimoja. Ongeza vitatu: kulia, chini na kwenye kona. Umepata mraba wa viwili kwa viwili. Mraba wowote wenye upande n, ukitaka kuukuza hatua moja unaongeza n kulia, n chini na kimoja cha kona. Jumla 2n + 1, ndiyo witiri inayofuata. Kila witiri ni ganda linalouvisha mraba uliotangulia. Ndivyo ninavyomfundisha mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano. Alipoona kona imejifunga alivivuruga vyote akaanza upya mwenyewe.

Jicho la Tai: Samahani mkuu. Nimeondoa neno langu.

Mwalimu wa Zamu: Unamfundisha huyo peke yake?

Mtoto wa Fundi: Walianza kuja na wenzake. Wako saba, kila jioni, mia tano mia tano.

Mwalimu wa Zamu: Na hili ulilificha! Kesho nenda ukaulizie uhamisho wa kozi kabla dirisha halijafungwa. Wewe ni mwalimu tayari.

Dada Hesabu: Saba ni 3,500, nusu ya siku. Huko chuoni ukipata kumi na wanne, siku imejilipa. Tafuta chumba karibu na shule ya msingi, si karibu na chuo.

Mtoto wa Fundi: Asanteni sana. Tatizo ni mama, anajua pikipiki iko gereji.

Bi Mkubwa: Mpigie sasa hivi. Usiandike kingine humu kabla hujaongea naye.