Websaiti ya safari inakokota, nianzie wapi?

Kilele_Moshi: Wakuu, nina kaofisi hapa Moshi tunapeleka wageni mlimani, sasa websaiti nikiifungua kwa simu nikiwa stendi inazungukaaa mpaka nakata tamaa, ila fundi aliyeitengeneza anasema kwake inafunguka fasta. Nani mkweli?

Fundi_Njiro: Wote mkuu, laptop yake imeshaitunza hiyo websaiti ndani na yuko kwenye waifai. Ingia PageSpeed Insights ya Google, ni bure, bandika linki usome upande wa simu. Cheki LCP, yaani kile kitu kikubwa kwenye skrini kinachukua muda gani kutokea, isizidi sekunde 2.5. Picha ya juu ina ukubwa gani?

Kilele_Moshi: Dah, ile ya Kibo ni MB 6 😅 nilitoa kwenye kamera nikapandisha hivyohivyo

Fundi_Njiro: Ndo mchawi wako huyo. Punguza upana, geuza iwe WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), ishuke hata KB 200, pima tena.

Dada_Sakina: Ila usikimbizane na maksi 100 za PageSpeed mdogo wangu, mi nilihangaika wiki nzima kumbe fomu ya kuulizia bei haitumi hata meseji moja. Hesabu na maulizo yanayoingia, kabla na baada.