Kontroli boksi ya IST: nitengeneze, nichukue mtumba Ilala au niagize mpya?

Mtabata

Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 2NZ. Asubuhi inawaka selfu moja, natoka Tabata vizuri tu. Nikikwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela na injini ikashapata moto, inakata ghafla. Haitetemeki, haimisi, inazima kama vile mtu kageuza funguo. Nikisubiri dakika 20 hivi inawaka tena. Juzi imenizimikia Buguruni, watoto wako nyuma, lori linanipigia honi kwa karibu. Niliogopa sana.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na pampu ya mafuta, tatizo likabaki. Wa pili anasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Nimeambiwa mtumba Ilala ni laki mbili na nusu, kutengeneza hii niliyonayo ni laki na ishirini, mpya mpaka iagizwe na bei yake siiwezi kwa sasa. Waliopitia haya naomba mnishauri.

FundiUmeme_Buguruni

Pole mkuu. Kabla hujatoa hata shilingi, niambie kitu kimoja. Ikishazima, ukirudisha funguo hatua ya kuwasha taa za dashibodi bila kupiga selfu, taa ya injini inawaka?

Mtabata

Nimeenda kuisubiri mpaka ikazima. Taa ya betri inawaka, ya oili inawaka, ya injini giza kabisa. Ikipoa taa inarudi na gari inawaka.

FundiUmeme_Buguruni

Umenisaidia sana, maana magari mengi yanayokata moto yakipata joto huwa ni sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini. Sensa hiyo ikifa, taa ya injini bado inawaka ukifungua funguo, kwa sababu kontroli boksi yenyewe iko hai. Kwako ndiyo imelala. Lakini kulala si kufa. Inaweza kuwa imekosa umeme kutoka relei ya EFI (swichi inayoipa umeme), imekosa hasi, au kuna sensa imepiga shoti kwenye laini ya volti 5. Laini hiyo ikishika bodi ya gari, kontroli boksi nzima inazima na taa yake inapotea.

Chukua mita. Gari ikiwa imezima hivyo, funguo iko wazi, pima miguu ya umeme kwenye soketi ya kontroli boksi: itoe karibu sawa na betri, volti 12 na kitu. Kisha weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mguu wa hasi wa kontroli boksi huku mwenzio anapiga selfu. Ikivuka volti 0.2, waya wa hasi umechoka au bolti yake kwenye injini ina kutu. Mwisho chomoa soketi za sensa za laini hiyo, kuanzia ya throto (mlango wa hewa wa injini), uangalie kama volti 5 zinarudi. Umeme ukiwa mzuri, hasi nzuri, sensa umechomoa na volti 5 hazipo, hapo ndipo tuseme boksi ni mbovu.

Wengi wanakimbilia vile vifaa vidogo vya bluetooth vya kusoma makosa. IST nyingi za soko la Japani haviwasiliani nazo, halafu mtu anaambiwa "hata mashine haisomi, kontroli boksi imekufa". Huo si ushahidi.

Salma_Kigamboni

Kaka Mtabata, msikilize huyo fundi. Mimi Vitz yangu ilikuwa inamisi silinda moja, nikaambiwa kontroli boksi, nikanunua mtumba. Ilikaa siku tatu ikaungua palepale. Fundi mwingine alipopima nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini, tatu zilisoma omu 14 kila moja, ya nne omu 2. Ilikuwa imepiga shoti ndani, ndiyo iliyounguza boksi ya kwanza na ya pili. Dakika kumi za kupima zingeniokolea laki mbili. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu nilimuuliza yule wa kwanza kama amepima vyote akaniambia ndiyo.

Lehemu_na_Waya

Naongea kama mtu anayezifungua hizi boksi. Ikizima kwa joto na kurudi ikipoa, mara nyingi ni lehemu iliyopasuka kwenye miguu ya soketi au kwenye sehemu ya kushusha umeme. Inatengenezeka na inakaa. Magari ya miaka ya 1990 kinachosumbua ni kapasita zinazovuja maji na kula njia za bodi. Lakini kama prosesa yenyewe imekufa, au maji yameingia ndani mpaka njia zimekatika, usitupe hela yako kwenye kutengeneza.

Jaribio rahisi: injini ikiwa baridi na inanguruma, ipulizie boksi kwa draya ya saluni, joto la wastani. Ikizima, umemkamata mwizi. Na fundi akikutengenezea, asikukabidhi kabla hajairudia hiyo draya mbele yako.

Mzee wa Gerezani

Wa mtumba nisikilizeni. Usiende Ilala ukasema "nataka ya IST". Ng'oa ya kwako, nenda nayo mkononi. Kwa Toyota, stika ina namba inayoanzia 89661, halafu kistari na tarakimu nyingine. Zote zifanane. Ya 4WD (inayovuta tairi zote nne) si ya 2WD, ya 1NZ si ya 2NZ, hata soketi zikiingia.

Angalia na funguo. Ikiwa ina chipu, boksi ya gari nyingine haitakutambua mpaka kumbukumbu ya ile ya zamani ihamishwe au funguo isajiliwe upya, na hiyo ni gharama nyingine ambayo muuzaji hakutajii. Kama funguo ni chuma tupu, unachomeka tu. Toa waya wa betri kwanza. Na mkubaliane kwa maandishi siku za kujaribu.

Mtabata

Nawaletea majibu. Umeme volti 12.4, hasi 0.05, sensa nimechomoa, volti 5 hamna. Draya imeizima ndani ya dakika nne, nimerudia mara mbili. Funguo yangu haina chipu.

Kilichonishtua ni soketi. Boksi ya kwangu iko nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Nilipochomoa, miguu miwili ilikuwa na ukungu wa kijani kama shaba ya zamani, na zulia chini limelowa chapachapa. Mvua haijanyesha wiki nzima.

FundiUmeme_Buguruni

Hayo ni maji ya AC. Paipu ya kutolea imeziba, maji yanarudi ndani. Izibue kabla hujafunga boksi yoyote, la sivyo hata mpya italiwa.

Lehemu_na_Waya

Kijani kikiwa kimeingia mpaka ndani ya bodi, mimi mwenyewe nakushauri mtumba. Fungua mfuniko uangalie.

Mtabata

Kimeingia. Njia tatu zimeliwa. Nimechukua mtumba Ilala, namba ileile mpaka tarakimu ya mwisho, siku saba za kujaribu zimeandikwa kwenye risiti. Paipu ya AC ilitoa tope jeusi, sasa maji yanadondoka chini ya gari kama inavyotakiwa. Jana nimekaa foleni ya Mandela saa nzima na dakika kumi, AC iko juu, haijazima. Zulia bado liko juani.

Salma_Kigamboni

Nozeli umepima?

Mtabata

Zote nne, dada. 13.9, 14.0, 13.8, 14.0.