Mjadala: Daraja la kuinuka liachiwe mtu aliye kibandani, au aliye mbele ya skrini?

Mleta mada

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Madaraja yanayoinuka kupisha meli, pamoja na malango ya mifereji yanayopandisha na kushusha vyombo, zamani kila moja lilikuwa na mtu wake. Anakaa kibandani, anatazama maji, anatazama barabara, ndipo anabonyeza. Siku hizi vibanda vinafungwa. Mtu mmoja anakaa kwenye chumba cha udhibiti mbali huko na kuendesha madaraja kadhaa kwa kamera. Hoja ya wanaovifunga ni kwamba gharama inapungua na meli hazisubiri zamu ya mtu.

Mimi napinga. Zaandam, Uholanzi, mwaka 2015, mwanamke alifariki baada ya daraja linaloendeshwa kwa mbali kufunguka yeye akiwa bado juu yake. Milwaukee, Marekani, Agosti 2022, mzee wa miaka 77 alikuwa katikati ya daraja lilipoanza kuinuka, akaanguka na kufa. Aliyelifungua alikuwa sehemu nyingine, anatazama kamera. Taa ziliwaka na vizuizi vilishuka kama kawaida. Kilichokosekana ni mtu wa kutoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Mzee, rudi!"

Jibu

Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Miezi sita kabla ya hiyo ya Milwaukee, huko West Palm Beach, Florida, mwanamke wa miaka 79 alikuwa anavuka huku anakokota baiskeli, daraja likafunguka, akaanguka akafa. Pale kibanda kilikuwepo na mwendeshaji alikuwemo ndani. Akafunguliwa mashtaka. Sasa dirisha lako lilimwokoa nani?

Binadamu huzoea. Ukishafungua daraja mara elfu bila kumkuta mtu katikati, mara ya elfu na moja unageuza shingo tu ili ionekane umetazama.

Jibu

Mmeng'ang'ania madaraja, ngoja niwapeleke kwenye malango. Nimekuwa baharia, nimepita mengi.

Kwa wasioyajua: meli inaingia kwenye chumba, milango inafungwa nyuma yake, vali zinafunguliwa na maji yanatoka yenyewe kwenda upande wa chini, hakuna pampu. Meli inashuka nayo, na sisi tunalegeza kamba kadiri inavyoshuka. Usiku mmoja wa mvua nilikuwa tezi, yaani nyuma ya meli. Kamba ikajibana yenyewe kwenye nguzo yake, mzunguko mmoja umepanda juu ya mwenzake. Maji yanaendelea kwenda, kamba haiendi. Meli ikaanza kulalia upande. Kamba iliyokaza namna ile ikikatika inarudi kama mjeledi, inaweza kukata mguu.

Kabla sijaifikia redio, maji yakasimama. Mzee wa lango alikuwa ameshafunga vali. Baadaye nikamuuliza aliionaje kamba kwenye giza lile. Akasema hakuiona kamba; aliona taa ya mlingoti imeinama.

Kamera ingekuwa imeelekezwa kwenye mlingoti kweli?

Ila nisiwe mnafiki. Kwenye njia ya maji ya St. Lawrence, kati ya Kanada na Marekani, meli sasa inashikwa ubavuni na pedi zinazoing'ang'ania kwa kunyonya hewa, kamba hazihitajiki. Otomatiki ya aina hiyo naipokea kwa mikono miwili.

Jibu

Na ajira za watu je? Au hilo halina umuhimu?

Jibu

Lina umuhimu, lakini kukesha peke yako kibandani kwenye baridi ukisubiri jahazi moja ni kazi inayoliliwa zaidi na wasiowahi kuifanya.

Nirudi kwenye hoja. Mnaongea kana kwamba otomatiki imeletwa na kamera. Mfereji wa Panama ulifunguliwa mwaka 1914, na meza ya udhibiti ya malango yake ilikuwa na mfano mdogo wa lango lenyewe, na mishikio juu yake. Chini ya meza kulikuwa na vyuma vilivyofungamana: mshikio haugeuki mpaka ule unaoutangulia uwe umekamilisha kazi. Mwendeshaji hata akisinzia, hawezi kufungua mlango kabla ya wakati wake. Zaidi ya miaka 100 iliyopita hiyo! Mtu alikuwepo na chuma kilikuwepo, kila mmoja anamshika mwenzake mkono.

Daraja lako la kamera lina nini cha kumshika mkono anayebonyeza? Kama ni macho yake tu kwenye picha ndogo, na pembeni ana picha za madaraja mengine matatu na nahodha anamwita redioni, basi aliyepanga zamu ile ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mleta mada

Nimeuelewa mfano wa Florida, na dirisha nalilegeza. Nabaki na mawili. Daraja lisisogee hata inchi mpaka kihisi, yaani kifaa cha kutambua kama kuna mtu, kithibitishe kwamba njia nzima iko tupu, si kwenye vizuizi tu. Na anayelifungua, awe kibandani au mbali, asiwe na daraja la pili mkononi hadi la kwanza lishuke. Wakisema hapo nafuu yote inapotea, waiweke hesabu mezani tuione.

Baharia, nina swali. Yule mzee wako angehamishiwa kwenye chumba cha skrini, angeiona ile taa?

Jibu

Yeye, nadhani ndiyo. Alikuwa ameitazama milingoti ikishuka mbele ya dirisha lile miaka na miaka, picha ikipinda kidogo tu angeshtuka. Ninayemtilia mashaka ni kijana atakayempokea, ambaye lango lenyewe hajawahi kusimama ukingoni mwake.