Naomba msaada: "offing" katika hadithi lina maana gani?

Mfasiri wa Raskazone
Ndugu zangu, nimekwama kwenye nomino ya Kiingereza "offing". Kamusi yangu ndogo inasema ni jambo lililo karibu kutokea, lakini moyo hautulii. Waandishi wa hadithi hulitumiaje?

Mwalimu Ngamiani
Maana hiyo ilikuja baadaye. Tangu karne ya 17 mabaharia wa Uingereza waliita hivyo sehemu ya bahari ambayo mtu wa ufukweni huiona kwa mbali, kupita pale vyombo vinapotia nanga; na kwa kuwa chombo kilichoonekana huko kilitarajiwa kuingia, neno likahamia kwenye lolote linalotarajiwa. Joseph Conrad, aliyekuwa baharia kabla ya kuwa mwandishi, analitumia kwa maana ya bahari mwanzoni mwa "Heart of Darkness" (1899), pale maji na mbingu yanapoonekana kama kitu kimoja kisicho na mshono. Tuwekee sentensi nzima.

Mzee wa Matishari
Hapo ni nangani, wanangu. Zamani hapa Tanga meli zilisubiri mbali na gati, nasi tukazipelekea katani kwa matishari. Usiku mmoja kamba ilikatika, tukachukuliwa na maji hadi alfajiri.

Mwalimu Ngamiani
Shikamoo, mzee wangu. Nangani ni ndani zaidi. Hili ni nje ya kisiwa cha Ulenge.

Mfasiri wa Raskazone
Sentensi inasema jahazi lilikaa siku tatu "in the offing", mke wa nahodha akilitazama. Nimeandika: "Jahazi lilinukia kwa siku tatu." Magazeti si husema uchaguzi wanukia?

Binti Chumbageni
Lilipakia ng'onda?

Bi Mkubwa
Vijana mnapokea kazi za watu kabla ya kujipima. Umekwisha kuikabidhi?

Mfasiri wa Raskazone
Mswada uko kwa mpiga chapa tangu Jumanne. Hata hivyo naona neno langu lina ladha ya kishairi, na msomaji ataelewa.

Mpekuzi
Mimi siamini kisa hiki. Mfasiri gani huuliza maana ya neno baada ya kupeleka kazi chapani? Huyu ni mwanafunzi anayetafutiwa majibu ya zoezi, na jahazi lenyewe amelitunga leo.

Mfasiri wa Raskazone
Laiti ningekuwa mwanafunzi, ningepoteza alama tu. Hapa nitapoteza malipo.

Mzee wa Matishari
Waacheni hayo. Jahazi liliingia?

Mfasiri wa Raskazone
Halikuingia, mzee wangu. Siku ya nne halikuonekana tena.

Mwalimu Ngamiani
Hilo ulipaswa kulisema mwanzo! Mwandishi amelichagua neno hilo kwa sababu linabeba bahari na ahadi kwa pamoja, kisha akaivunja ahadi. Andika: "Kwa siku tatu jahazi lilionekana kule nje, kwenye maji makuu, likitarajiwa kuingia."

Mfasiri wa Raskazone
Nimempigia mpiga chapa. Ukurasa huo bado, ila anadai nauli ya kunirudishia mswada.