Albamu ya mkusanyiko: nyimbo 18 za roki na pop, kila moja na ukubwa wake wa sauti

NyuziSita:
Wakuu, naombeni msaada. Albamu ya mkusanyiko wa roki na pop, nyimbo 18 za bendi 18, jumla dakika 78 na sekunde 40. Kila bendi imeleta wimbo uliokwisha kumalizwa na prodyuza wake. Wimbo wa tatu ni roki nzito, unasoma −7 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika; namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi). Unaoufuata ni gitaa kavu na mwimbaji mmoja, −15. Nimejaribu kuupandisha huo wa gitaa hadi −9 kwa limita (chombo kinachozuia sauti isivuke kikomo): nyuzi zimeanza kukwaruza na pumzi za mwimbaji zinasikika karibu sawa na maneno. Inatoka mtandaoni na kwenye CD, pengine na santuri. Nianzie wapi?

Besi4:
Mkuu, umeanza na wimbo usiostahili kuguswa. Ulio chini usiupandishe, shusha ulio juu. Roki ya −7 vilele vyake, yaani sehemu ambapo sauti inaruka juu kabisa, vimeshabanwa, kwa hiyo ukiishusha desibeli 4 haipotezi chochote. Ule wa gitaa uko −15, na vilele vyake bila shaka vinakaribia sifuri, kikomo cha sauti ya dijitali. Kuupandisha desibeli 6 ni kuiambia limita ikate karibu desibeli 6 kila uzi unapochapwa. Kilichokatwa ndicho kile kishindo cha kidole kwenye uzi, na vilivyokuwa chini, pumzi zikiwemo, vinapanda juu.

Kabla ya hapo, ziombe bendi faili za WAV za biti 24, kwa kasi ileile ya sampuli (mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde) waliyorekodia, na ikiwezekana miksi ambayo haijapita kwenye limita ya mwisho. Kila faili ifungue kwenye spektra, picha inayoonyesha masafa ya sauti. Ukikuta juu ya kilohezi 16 pamekatika kama kwa kisu, huenda hiyo ni MP3 iliyogeuzwa kuwa WAV. Irudishe kwa mwenyewe, hakuna dawa yake.

Halafu kata sekunde 20 za kiitikio cha kila wimbo, zipange mfululizo, usikilize sauti ya mwimbaji tu. Hiyo ndiyo inayomfanya msikilizaji akimbilie kitufe cha sauti. Namba zisome baadaye. Mara nyingi utajikuta roki iko −11 na gitaa kavu −14, na tofauti hiyo ya 3 ni halali kabisa, wimbo wa utulivu lazima ubaki wa utulivu. Kilele halisi kisizidi −1 dBTP (desibeli za kilele halisi), maana faili ikibanwa kwa ajili ya mtandao vilele huongezeka kidogo.

Mita_ya_Sauti:
Naunga mkono, ila ongeza hili. Spotify kwa kawaida inasawazisha kwenye −14 LUFS. Albamu ikichezwa kwa mpangilio wake inashushwa yote kwa kiasi kimoja, tofauti ulizoweka zinabaki. Wimbo ukiingia kwenye orodha ya mchanganyiko unasawazishwa peke yake, na hapo gitaa kavu na roki zitalingana. Usitengeneze toleo la pili kwa ajili ya hilo.

CD haina msawazishaji, kwa hiyo ndiyo itakayokuumbua. Ni kilohezi 44.1 na biti 16: badilisha kasi ya sampuli mara moja tu, na ditha, kelele ndogo sana inayoongezwa biti zinapopunguzwa, iwe hatua ya mwisho kabisa. Ukishaweka ditha usiguse tena ukubwa wa sauti. Ukiacha sekunde 2 kati ya nyimbo, nafasi 17 ni sekunde 34, unafika 79:14. Inaingia kwenye CD ya dakika 80, lakini kiulize kiwanda kikomo chake kabla ya kutuma. Tuma DDP (mafaili ya CD nzima yaliyopangwa kwa ajili ya kiwanda) pamoja na faili ya MD5 (namba ya ukaguzi), ili wajue hakuna kilichoharibika njiani.

Santuri33:
Kwa santuri ya inchi 12, mizunguko 33⅓ kwa dakika, dakika 20 kwa upande ni salama; ukizidisha sana mifereji inasongamana na sauti inabidi ishushwe. Yako inagawanyika pande nne za dakika 19 na sekunde 40 hivi, yaani santuri mbili. Karibu na lebo mfereji unapita polepole chini ya sindano, na hapo matoazi na herufi "s" huchafuka. Roki ianze upande, wimbo mtulivu uumalize, lakini kama mwimbaji wake ana "s" kali usimweke mwisho. Besi ya chini kabisa iwe katikati, isitandazwe kushoto na kulia.

HakiKwanza:
Mkuu, usiagize nakala hata moja kabla ya leseni mbili kwa kila wimbo: ya rekodi, kwa bendi au lebo, na ya utunzi, kwa mtunzi au mchapishaji wake. Bendi ikiwa imeimba wimbo wa mtu mwingine, ruhusa ya bendi peke yake haitoshi. Mirabaha igawe 1/18 kwa kila wimbo, na mkataba useme kuwa akiongezewa mmoja wameongezewa wote.

ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi, ni herufi na tarakimu 12 zinazofuata rekodi. Kushusha sauti hakudai namba mpya, tumia ile ya bendi. Albamu yenyewe ndiyo inayohitaji msimbopau wake. Msanii wa albamu aandikwe Various Artists (wasanii mbalimbali), la sivyo programu nyingi za muziki zitaivunja kuwa albamu 18 za wimbo mmojammoja.

NyuziSita:
Asanteni sana. Nimeshusha roki hadi −11, gitaa nimeliongeza desibeli 1 tu na kukwaruza kumekwisha. Ila gitaa linapoingia baada ya roki bado linaonekana dogo.

Besi4:
Hapo usiguse sauti, gusa ukimya. Sikio lililotoka kwenye roki linahitaji muda wa kutulia. Acha mwangwi wa toazi la mwisho ufe wote, kisha ongeza sekunde 3 au 4 kabla ya uzi wa kwanza.