Fedha ninayoiweka asubuhi naitoa jioni: je, utashi wangu ni dhaifu?

Swali
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, na tangu Januari nimeazimia kutenga shilingi 5,000 kila siku kwa ajili ya ada ya mwanangu. Asubuhi sioni ugumu wowote, lakini jioni, nikiwa nimechoka na simu iko mkononi, naitoa fedha ileile niliyoiweka. Je, utashi huisha kama mafuta ya taa?

Jibu la kwanza
Dada yangu, wanasaikolojia wengi waliamini hivyo. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake waliwaweka wanafunzi mbele ya biskuti za chokoleti, baadhi wakiruhusiwa kula figili tu, na hao wa figili wakaacha mapema zaidi kuhangaika na fumbo lisilo na jibu. Hata hivyo, nadharia hiyo ilipopimwa upya kwa jaribio jingine mwaka 2016, katika maabara zaidi ya 20, athari hiyo haikuonekana. Usijihukumu, basi; tazama jinsi fedha ilivyo karibu na mkono wako saa ile.

Jibu la pili
Naunga mkono. Kodi ya nyumba naiweka katika kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, chenye mwanya wa kupitisha noti iliyokunjwa tu. Kukivunja kunataka nyundo, na nyundo husikika nyumba nzima. Mara mbili nimekitoa usiku chini ya kitanda, nikakitikisa, nikakirudisha. Simu haina kelele hiyo.

Jibu la tatu
Ndugu, kisifungwe mno. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwapa wanavikundi wa kuchangiana magharibi mwa Kenya masanduku ya akiba ya afya. Sanduku ambalo mwenyewe alikaa na ufunguo liliongeza fedha zilizotumika kwa kinga, kama vile vyandarua. Lile ambalo ufunguo ulishikwa na mradi halikusaidia hivyo, kwa kuwa fedha yake haikuweza kutolewa mtu alipougua ghafla. Nadhani fedha ikishapewa kazi yake, hata kumkatalia jamaa anayekopa huwa rahisi.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Nimeshaagiza kibubu kwa seremala, nacho nitakiandika neno "ada". Fedha ya dharura itabaki kwenye simu. Ile ya ada nitaitumbukiza kibubuni mara tu mteja wa kwanza anapolipa, kabla sijarudi kwenye cherehani.