Mkeka au foili? Majirani wa Magomeni wakipanga futari

Fadhili (katibu): Assalaam aleykum, Bwana asifiwe, majirani. Futari ya mtaa Jumamosi: kuna waliopendekeza safari hii tupakie kwenye foili, kila kaya ikale kwake. Mnasemaje?

Mama Kelvin: Naunga mkono. Foleni ya Jangwani mnaijua, nafika magharibi imeshapita.

Baba Rehema: Na mikono mingi kwenye sinia moja, kipindupindu je?

Bi Zuhura: Ndoo ya maji tiririka na sabuni nitaweka mimi. Wanangu, foili hapana. Mtume (S.A.W.) katufundisha: anayemfuturisha aliyefunga hupata thawabu kama zake, na za mfungaji hazipungui. Foili nayo inafuturisha, sikatai. Ila mimi nataka tuonane. Yule kijana mpangaji wa uani nilimjulia kwenye sinia mwaka jana. Alikuwa anamega pembeni tu, anaona haya, nikamsogezea magimbi, ndipo akaniambia kwao Kasulu, hapa hana ndugu. Nilipozidiwa na malaria usiku, ndiye aliyenitafutia bajaji. Angepewa foili mlangoni ningemjua wapi?

Baba Rehema: Hapo sina la kusema, Bi Zuhura.

Mama Kelvin: Shikamoo Bi Zuhura. Umenigusa. Paulo naye aliwakemea Wakorintho kwa jambo hilohilo: mmoja anatangulia kula chake, mwenzake ana njaa, halafu wanasema wamekutana kwa chakula cha Bwana. Na mwaka huu 2026 tumefunga pamoja, Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo. Nitaomba ruhusa kazini niwahi. Naleta kuku, wazima, Ustaadhi awachinje mwenyewe ili tule sote.

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu. Walete asubuhi. Adhana ni saa 12 na dakika arobaini na kitu. Ukichelewa, chako nakifunika na kawa.

Juma wa kijiweni: Na sisi bodaboda tuje? Wiki hii sina cha kuchangia.

Bi Zuhura: Nani kakuuliza mchango? Njoo alasiri ukune nazi. Maharage, muhogo, vyote vya nazi, na mbuzi za kukunia ninazo mbili.

Fadhili (katibu): Basi hela ya foili naihamishia kwenye tende. Mikeka tunayo mitatu, haitoshi. Nani ana jamvi?

Baba Rehema: Ninalo, kubwa. Namtuma Rehema alilete leo.